Seli Zinazojimaliza: Dhana Potofu na Ukweli

Shuleni tunafundishwa vizuri jinsi seli zinavyogawanyika na kuongezeka. Jinsi mwili unavyoziondoa hupitiwa kwa aya moja, na pengo hilo limezaa imani nyingi zisizo sahihi.

Dhana: Mkia wa kiluwiluwi hudondoka anapogeuka chura.

Watoto wengi huambiwa hivyo, na nadhani mjusi amechangia, maana yeye kweli huuacha mkia wake akishikwa. Mkia wa kiluwiluwi haudondoki. Chungulia dimbwi wakati wa masika: utaona wenye mkia mrefu, utaona wenye miguu minne na kimkia kifupi, lakini mkia uliokatika hutaupata. Homoni ya tezi ya thairoidi inapopanda katika damu, seli za misuli na ngozi ya mkia huwasha mpango wa kujimaliza. Homoni hiyohiyo ikifika kwenye miguu inayochipuka, seli za huko hukua na kugawanyika. Malighafi ya mkia hurudishwa mwilini, na huo ni msaada mkubwa kwa mnyama ambaye siku hizo hali karibu chochote, kwa kuwa kinywa na utumbo wake navyo vinaundwa upya.

Vidole vyetu pia vilipatikana hivyo. Mkono wa kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika tumboni, huanza ukiwa bapa, halafu seli zilizo katikati ya vidole hufa na vidole vikaachana. Kwa kuku hutokea vilevile. Kwenye mguu wa bata, protini zinazoamuru kifo hicho huzuiwa, na ngozi ya kuogelea ikabaki.

Dhana: Seli iliyokufa ni seli iliyoharibiwa.

Ziko njia zaidi ya moja za kufa. Seli iliyoungua au iliyokatiwa damu ghafla huvimba, utando wake hupasuka, yaliyomo humwagika, na tishu za jirani huvimba na kuuma. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walieleza njia nyingine, wakaiita apoptosisi. Hapa seli hunywea. DNA yake hukatwakatwa, na mwili wake hugawanyika kuwa vifurushi vidogo vilivyofungwa na utando, bila kumwaga kitu. Aina fulani ya mafuta ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando hugeuzwa nje, na hiyo huwa ishara kwa seli walaji kuja kummeza marehemu. Haibaki hata alama ya jeraha.

Wanaoifanya kazi hiyo ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, viitwavyo kaspasi. Seli hai huwa navyo tayari, vikiwa vimezimwa. Amri inaweza kutoka nje, kwa mfano kwa seli ya kinga, au ndani, pale DNA inapoharibika kiasi cha kutotengenezeka. Katika njia hii ya ndani mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, hutoboka na kuachia saitokromu c, protini ambayo maisha yake yote ilikuwa ikisaidia kuzalisha nishati, na hiyo ndiyo huwasha kaspasi. Tena kazi yote hugharimu nishati: seli iliyoishiwa nguvu kabisa haiwezi kufa kwa utaratibu huu.

Dhana: Ni bahati tu seli ipi ife na ipi ibaki.

Mnyoo mdogo wa udongoni, *Caenorhabditis elegans*, hutengeneza seli 1,090 za mwili, mbali na zile za uzazi, na 131 kati yake hufa. Zinabaki 959. Ni zilezile, kwa wakati uleule, kwa kila mnyoo wa jinsia mbili. John Sulston alizifuatilia kwa darubini. Robert Horvitz akatambua jeni zinazoongoza vifo hivyo, na jeni zinazofanana nazo zikapatikana kwa binadamu. Pamoja na Sydney Brenner, aliyeanzisha utafiti wa mnyoo huyo, walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002.

Kwetu mpango haujapangwa seli kwa seli namna hiyo, lakini mchujo upo. Zaidi ya asilimia 90 ya seli T changa, ambazo ni seli za kinga, hufia kwenye thaimasi, tezi ya kifuani zinakokomalia, zikiwemo zile ambazo zingeushambulia mwili wenyewe.

Dhana: Tukizuia seli kufa tutaishi zaidi.

Watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya Fas, mojawapo ya vipokezi vya amri ya kufa, huvimba matezi na wengu kwa kuwa seli za kinga zilizopaswa kufa hubaki, na kinga yao hushambulia chembe za damu yao wenyewe.

Dhana: Saratani ni seli kukua haraka tu.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni seli kukataa kufa. Virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi huteketeza p53, protini inayoamuru seli yenye DNA mbovu ijimalize. Tembo, mwenye seli nyingi kutuzidi mara nyingi, ana nakala zipatazo 20 za jeni ya protini hiyo, na seli zake hujimaliza upesi zaidi DNA inapoharibika.

Mfano unaonigusa zaidi uko zizini. Ndigana kali ya ng'ombe husababishwa na kimelea *Theileria parva*, anayeletwa na kupe wa masikioni. Kimelea huingia ndani ya limfosaiti, seli nyeupe ya damu, akaifanya igawanyike bila kikomo, huku akiwasha ishara zinazoizuia kujimaliza. Kila inapogawanyika naye hugawanyika nayo. Tezi lililo chini ya sikio huvimba mapema, kisha seli hizo husambaa hadi mapafuni, na ng'ombe hufa akihangaika kupumua. Zinafanana sana na seli za saratani, ila kwa jambo moja: zinamtegemea kimelea. Dawa ya buparvakwoni ikimuua, seli hupoteza ulinzi huo, huacha kugawanyika na kufa kwa apoptosisi. Inafanya kazi vizuri ikitolewa mapema, kwa hiyo mfugaji anayeona tezi limevimba na ng'ombe ana homa asingoje kikohozi. Amwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.