Ufafanuzi: Jina la Aphrodite si ushahidi kwamba alizaliwa na povu
Upo ujumbe wa siku nyingi unaosambazwa katika makundi ya mtandaoni, ukidai kuwa jina la Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki wa kale, maana yake hasa ni "mzaliwa wa povu", na kwamba Wagiriki wote waliamini hivyo.

Kisa cha povu ni cha kale kweli: kimo katika Theogonia, utenzi wa Kigiriki kuhusu asili ya miungu, wa mnamo mwaka 700 KK, unaosimulia jinsi viungo vya uzazi vya Uranus, mungu wa mbingu, vilivyotupwa baharini, povu jeupe likavizunguka, na binti akakulia humo hadi akatua Kupro. Hata hivyo, utenzi wa Iliadi, unaosimulia Vita vya Troya, unamtaja Aphrodite kuwa binti wa Zeus, mkuu wa miungu, na Dione. Anayetaka kuhakiki afungue kitabu cha 5, atamkuta amejeruhiwa mkono kwa mkuki, ameangukia magotini pa mama yake Dione, na mama huyo anampangusa damu.

Mkanganyiko unatokana na neno la Kigiriki aphros, yaani povu, linalofanana na mwanzo wa jina hilo. Washairi wa kale walipenda mno kufasiri majina namna hiyo. Wanaisimu hawajaafikiana kuhusu asili ya jina hilo, ingawa wengi huihusisha ibada ya Aphrodite na ya Astarte, mungu wa kike wa Wafoinike, watu wa kale wa pwani ya Lebanoni ya leo. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.