Bandari ya Tanga na mabomu ya 1914

Ule ujumbe wa kwenye magrupu, kwamba Wajerumani waliitega bandari ya Tanga mabomu ya majini yakawashinda Waingereza, na kwamba bado yapo, si kweli. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuja kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani; waliyahofia mabomu hayo, wakapoteza muda kuyasaka (kwa kawaida hukokotwa waya unaokata mnyororo wa bomu, likaelea, likapigwa risasi). Hawakupata hata moja. Walishindwa nchi kavu, baada ya kushuka Ras Kasone, rasi iliyo karibu na mji wa Tanga. Historia za vita hiyo zinaeleza hofu yao, na nadhani wengi huisoma hofu wakaiita tukio. Ramani za mabaharia huonyesha maeneo ya hatari. Zitazame kabla ya kusambaza. Chuma usichokijua ufukweni, hata hivyo, usikiguse.