Je, wajua kwa nini ajali ya sekunde moja huuguzwa zaidi ya mwaka?

Kila Jumapili baada ya ibada mama alichomoa kijiti kimoja kwenye ufagio wa chelewa, akaketi kwenye kigoda mbele ya mguu wa kulia wa mdogo wangu, akaanza kumdona taratibu kutoka gotini kushuka chini. "Hapa?" "Nasikia, mama." "Na hapa?" "Nasikia." Pale mdogo wangu aliponyamaza, mama alichukua kalamu ya wino akaweka nukta kwenye ngozi. Nukta ile tuliikoleza kila baada ya kuoga isifutike. Jumapili iliyofuata ilikuwa imepitwa, kwa upana wa punje ya hindi, si zaidi.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda hapa Dodoma, kijiwe chake kiko Nzuguni. Alianguka jioni moja ya Februari kwenye barabara ya Morogoro, akirudi kutoka Ihumwa. Mchana mvua ilikuwa imenyesha, na wenyeji wanajua mvua ya huku inavyofanya: inapiga kwa fujo muda mfupi, inakokota mchanga wa makorongo na kuutandaza juu ya lami, kisha jua linarudi. Mbuzi wakakatiza. Akashika breki ya mbele juu ya mchanga ule, gurudumu likateleza, pikipiki ikamlalia mguu. Anasema hakuwahi hata kumaliza kutamka "Yesu". Kutoka jioni ile mpaka siku aliyorudi kijiweni ilipita miezi 14.

Asiyewahi kuuguza mtu wa pikipiki hudhani mguu uliovunjika ni habari ya kufungwa hogo wiki sita, kisha magongo, kisha kazi. Nami nilidhani hivyo. Kumbe mwili hauponi kwa pamoja. Ngozi ina siku zake, mfupa una zake, msuli una zake, mshipa wa fahamu una zake, na mgonjwa hasimami vizuri mpaka yule wa mwisho kati yao awe amefika.

Mfupa ndio watu wanaoufahamu zaidi. Ukivunjika, damu huvilia pale pale na kuganda, na bonge lile la damu ndilo msingi wa matengenezo yote. Ndani ya wiki mbili tatu mwili hulibadilisha kuwa uvimbe laini kama gegedu unaoshika ncha mbili za mfupa. Baadaye madini ya chokaa huingia, uvimbe unakuwa mgumu, na hiyo ndiyo kazi ya wiki kadhaa zinazofuata. Halafu mwili huanza kuuchonga mfupa upya ufuate umbo lake la zamani, kazi inayoweza kuendelea miaka. Mkono wa mtoto huungana upesi. Ugoko wa mtu mzima ni habari nyingine, hasa sehemu yake ya chini karibu na kifundo. Pale hakuna nyama ya kutosha kuuzunguka wala damu nyingi ya kuulisha, na mbele umefunikwa na ngozi tupu, kwa hiyo ukivunjika ni rahisi kutokeza nje na kuingiwa na uchafu. Miezi minne hadi sita kwa mfupa huo ni muda wa kawaida. Mdogo wangu alivunjika hapo hapo, akawekewa chuma ndani.

Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Hilo limethibitishwa, na madaktari wanalisema wazi, na mdogo wangu aliacha siku ile ile. Chakula chenye protini kinasaidia: maharage, mayai, maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Supu ya makongoro nayo aliletewa kila wiki na jirani, na ilimpa faraja. Jambo ninalowaomba watu ni hili: msimpeleke mgonjwa kufungwa vijiti vilivyokazwa kwa kamba kabla hajapigwa picha hospitali. Mguu uliovunjika huvimba, na kifungo kikikazwa damu haipiti. Mguu ukiwa wa baridi, vidole vimekufa ganzi na vimebadilika rangi, hapo zinahesabika saa.

Msuli hunyauka upesi kuliko watu wanavyodhani. Wiki mbili tu za kutotumika zinatosha paja kupungua kwa kuonekana na macho, na kulirudisha huchukua miezi ya mazoezi yenye maumivu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Picha inaonyesha mfupa umeunga, daktari anasema vizuri, lakini goti halikunji na mguu hauna nguvu ya kupanda ngazi moja. Ndugu wanaanza kunong'ona kwamba anadeka. Hadeki.

Sasa turudi kwenye kijiti cha chelewa, maana jibu la swali letu liko hapo. Upande wa nje wa goti, chini kidogo, kuna kinundu cha mfupa. Ukipapasa nyuma yake utagusa kitu kama kamba nyembamba. Huo ni mshipa wa fahamu unaoamuru unyayo uinuke, na umepita pale bila kinga yoyote isipokuwa ngozi. Pikipiki ilipomlalia mdogo wangu, ubavu wa injini uliupiga hapo hapo. Mshipa haukukatika, ila nyuzi zilizo ndani yake zilikufa kutoka pale kwenda chini. Nyuzi hizo zikichipua upya, hukua kama milimita 1 kwa siku. Kutoka gotini hadi kidole gumba cha mguu wake ni kama sentimita 40. Piga hesabu mwenyewe: milimita 400, siku 400. Hatukuambiwa kuna dawa ya kuzihimiza.

Wakati wa kusubiri, unyayo unaning'inia. Akitembea, ncha ya ndala inaburura chini na kumkwaza, kwa hiyo alivaa kifaa cha plastiki cha kuushikilia. Asubuhi na jioni alizungusha kanga ya mama chini ya vidole na kuuvuta unyayo kuelekea kwake, ili kifundo kisikakamae. Mshipa ukifika na kukuta kiungo kimeganda, umefika bure.

Huo ndio mguu. Kichwa chake hakikuuma hata siku moja, na sababu ninayo hapa mezani.

Kofia yake ngumu, ile vijana wa kijiweni wanayoiita elementi, ina mkwaruzo mrefu upande wa kulia. Kwa nje ungesema bado nzima. Nilipovua kitambaa cha ndani nikakuta povu gumu jeupe, lile linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi, unene wa vidole viwili. Mahali pamoja limebonyea na kupasuka, bonde ambalo kidole gumba changu kinalala ndani yake. Povu hilo ndilo lililomwokoa. Ganda la nje kazi yake ni kutawanya pigo na kuzuia jiwe lisitoboe.

Ukianguka kutoka kwenye pikipiki, kichwa kinashuka kutoka kimo cha kama mita moja na nusu. Hata ikiwa imesimama tuli, kichwa kikifika chini kina kasi inayokaribia kilomita 20 kwa saa. Kasi hiyo lazima iishe. Kwenye lami tupu inaishia ndani ya milimita chache. Tuseme 3, na hapo kichwa kinabanwa kwa nguvu ya karibu mara 500 ya uzito wake. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5, kwa hiyo ni kama kupakiwa tani mbili na nusu kwa kufumba na kufumbua. Sasa weka povu linalokubali kubonyea milimita 20. Nguvu inashuka mpaka kama mara 75. Fuvu linavumilia, na ubongo ndani yake hautupwi ukutani kwa kishindo kile. Milimita 17 za ziada, basi. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu anasema "naenda hapo Sabasaba tu, kofia ya nini". Kimo cha kuanguka Sabasaba ni kile kile cha Ihumwa.

Na hiyo ndiyo sababu kofia iliyopokea pigo haivaliwi tena. Povu likishabonyea halirudi. Jirani mmoja aliiomba ile ya mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ganda lilikuwa zima. Nilimwonyesha lile bonde, akaingiza kidole chake, akaelewa.

Maarifa haya yalipatikana kwa misiba. Mei 1935 huko Uingereza, T. E. Lawrence, yule ofisa aliyejulikana kama Lawrence wa Uarabuni, alianguka na pikipiki akiwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Hakuwa amevaa kofia, na baada ya siku sita alifariki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns aliendelea kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyoonyesha umuhimu wa kofia. Jeshi la Uingereza likawalazimisha waendesha pikipiki wake kuivaa. Raia wa nchi hiyo walilazimishwa na sheria mwaka 1973, mwaka ule ule Tanzania ilipotunga Sheria ya Usalama Barabarani, na ndio mwaka ulioamuliwa Dodoma iwe makao makuu. Mwaka 2008 watafiti waliojumuisha tafiti kutoka nchi mbalimbali walihitimisha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42.

Lakini ni kofia ya kweli, tena iliyofungwa. Kuna vikofia vya plastiki vyembamba vinavyouzwa barabarani, ndani vina sponji laini tu au havina kitu. Sponji linabonyea kwa kidole, kwa hiyo kwa pigo la lami halifanyi lolote. Usinunue kwa kutazama rangi wala stika. Inua kitambaa cha ndani ubonyeze: utake povu gumu, pande zote, hadi karibu na masikio. Kisha vaa, funga mkanda, kidevuni pabaki nafasi ya vidole viwili tu, halafu mwambie mtu ajaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni. Ikitoka, itatoka pia siku ya ajali kabla kichwa hakijafika chini. Ile inayoning'inia kwenye kiwiko ikisubiri trafiki aonekane siisemei.

Abiria nao wana malalamiko ya haki. Kofia ya bodaboda imevaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, ina jasho, na dada aliyetoka kusuka hataki kuiharibu nywele yake. Kofia nyepesi ya kitambaa ndani yake inasaidia, na anayepanda kila siku kwenda Mtumba kazini heri anunue yake. Ila usipande mishikaki: wa katikati akiwa na kofia, wa nyuma hana.

Kuhusu mwili mwingine nitasema kwa ufupi. Viganja hutangulia kugusa chini, kwa hiyo glovu ngumu. Jaketi zito, hata lile wanalolivaa kinyumenyume kuzuia upepo wa Julai, linatoa kitambaa sadaka kabla ya ngozi. Buti linalopita kifundo badala ya ndala. Linamwepushia mtu pia kovu la ekzosi kwenye shavu la mguu. Ngozi ikishachunika, mchanga na lami vioshwe siku hiyo hiyo kwa maji safi na sabuni, na mgonjwa achomwe sindano ya pepopunda. Mchanga ukiachwa ndani hubaki kama chale nyeusi maisha yote. Majivu na dawa ya meno havina kazi hapo. Na aliyegonga kichwa akasema yuko salama, kisha akaanza kutapika, kusinzia kusiko kawaida au kuumwa kichwa kinachozidi, apelekwe hospitali usiku huo huo, kwa kuwa damu inaweza kuwa inavuja ndani ya fuvu taratibu.

Mavazi haya hayafanyi miujiza. Yanaokoa sana ngozi na viungo vidogo. Mfupa uliobanwa na pikipiki nzima unaweza kuvunjika hata ndani ya buti. Kinga ya goti ya plastiki ngumu isingeuokoa ugoko wa mdogo wangu. Lakini ingekaa kati ya injini na kile kinundu, na pigo lingetawanyika. Nadhani tungesubiri miezi sita ya mfupa, si 14 ya mshipa. Miezi minane ya hesabu ya tajiri na ada za watoto.

Jumapili ya mwisho mama alidona kidole gumba na mdogo wangu akauvuta mguu kwa ghafla, akapiga kelele. Sote tulicheka, mama akalia. Jumatatu mdogo wangu alinipa fedha zake za kwanza nimsindikize Soko la Majengo. Alimwomba muuza kofia ruhusa ya kuinua kitambaa, akabonyeza kwa kidole gumba, moja, mbili, tatu, mpaka ya nne. Kisha akauliza kama kuna kinga za magoti.