Mtu wa kujitolea, mtaalamu, na disleksia: nani anafanya nini

Siku hizi yeyote anayekaa na mtoto aliyekwama kusoma huitwa mtaalamu wa disleksia. Aliyehudhuria semina ya siku mbili ni mtaalamu. Mwalimu mstaafu anayesikiliza watoto wakisoma kila Jumamosi ni mtaalamu. Hata programu ya simu inayouliza maswali kumi kisha kutoa asilimia, nayo imepewa utaalamu. Upande wa pili unakera vilevile: mtu akisikia fulani "anajitolea", papo hapo anaelewa "hajasomea". Wanaosema hivi na wanaosema vile wamechanganya mambo mawili yasiyohusiana, na anayelipia mchanganyo huo ni yule anayehangaika na ukurasa.

Tuanze na disleksia yenyewe, haraka. Ni ugumu wa kudumu wa kusoma maneno kwa usahihi na kwa wepesi, na wa kuyaandika kwa tahajia sahihi, ambao hauelezeki kwa macho mabovu, masikio mabovu wala kukosa shule. Haupimi akili ya mtu. Mara nyingi mzizi wake uko katika namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha: kuzitenganisha, kuzishika kichwani, kuziunganisha na herufi. Huonekana katika familia, mzazi kisha mtoto, na haiishi mtu akiwa mkubwa. Katika orodha ya magonjwa na matatizo ya afya ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, imewekwa chini ya matatizo ya ukuaji yanayohusu kujifunza, upande wa kusoma. Kugeuza b kuwa d peke yake si ushahidi. Watoto wengi wanaoanza kuandika hufanya hivyo kisha wakaacha.

Imani kwamba disleksia ni tatizo la macho ina historia yake. Mwaka 1877 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alizungumzia "upofu wa maneno". Mwaka 1887 Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, akatumia jina la disleksia kwa watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kudhurika. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, William Pringle Morgan, akaandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14, mwerevu, aliyeshindwa kusoma tangu utoto. Aliyeiendeleza kazi hiyo zaidi alikuwa James Hinshelwood wa Glasgow, naye pia daktari wa macho. Basi si ajabu kwamba hadi leo mzazi huanza kwa miwani. Kupima macho ni sawa, tena ni lazima, ili kujua kama mtoto anaona vizuri. Lakini mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba miwani ya rangi na mazoezi ya macho si tiba ya disleksia. Daktari wa macho ni mtaalamu wa macho. Utaalamu wake haumfuati hadi darasani.

Nusu ya fujo inatoka hapo. Tunalitumia neno mtaalamu kama cheo, ilhali utaalamu ni wa jambo fulani. Nusu nyingine inatoka kwenye kujitolea, ambako kunahusu malipo na hakuna kingine. Mwanasaikolojia wa elimu anayetoa siku moja ya mwezi kuwatathmini watoto bila kudai chochote anajitolea, na ni mtaalamu. Anayelipwa kwa saa kumfundisha mtoto kusoma, hajawahi kufunzwa kufundisha kusoma, anatoza tu. Ukiwapanga wote hawa kwenye mstari mmoja, wa kujitolea chini na mtaalamu juu, umeshapotea.

Swali lenye maana ni kazi gani inafanyika, na nani amefunzwa kuifanya.

Kuna kuchuja. Hapa unapita kwa watoto wengi, kwa muda mfupi, ukitafuta nani yumo hatarini. Mtoto wa miaka 6 anaweza kusema neno linaloanza na sauti moja na "mama"? Ukimwambia aondoe "ka" kwenye "kalamu", anabaki na nini? Anazijua herufi ngapi? Maswali haya ni rahisi kuuliza, na mtu wa kujitolea aliyefunzwa vizuri anaweza kuyauliza. Kuchuja kwa makusudi hukamata wengi kuliko wanaostahili. Kutakamata aliyekosa masomo nusu mwaka, asiyesikia vizuri, na anayejifunza kusoma kwa lugha ambayo haisemwi nyumbani kwao. Kutamwacha pia mmoja wawili wanaojua kujificha kwa kukariri ukurasa mzima. Jibu la kuchuja ni "huyu tumwangalie zaidi". Haliwezi kuwa zaidi ya hapo.

Kisha kuna kutathmini, na hapa ndipo ninapoomba watu wasimame kidogo. Tathmini huchukua saa, si dakika. Inaanza na historia: ujauzito, kuzaliwa, alianza kusema lini, masikio yamewahi kuuma, nani mwingine katika ukoo alihangaika na kusoma, amefundishwa vipi na kwa muda gani. Ndipo yanakuja majaribio. Anasoma maneno halisi, kisha maneno ya kubuni kama "bemuti" au "shodaki", ambayo hayana maana yoyote. Yamebuniwa ili asiweze kukisia wala kukumbuka. Herufi lazima zigeuke sauti mbele yako. Anataja kwa haraka safu za picha, rangi au tarakimu, kwa sababu wengi wenye disleksia huzijua vizuri ila huchelewa kuzitoa mdomoni. Anaandika imla. Anasoma kifungu huku muda ukihesabiwa, na ufahamu wake wa kukisikia kifungu unalinganishwa na wa kukisoma.

Kazi kubwa inabaki baada ya hapo, nayo ni kufasiri. Alama mbili zinazofanana zinaweza kuwa na sababu mbili tofauti. Mtathmini lazima ajue pia mizani yake ilitengenezwa kwa nani. Jaribio lililosawazishwa kwa watoto wa Kiingereza halimpimi mtoto anayesoma Kiswahili, hata ukilitafsiri kwa ustadi wote. Kiingereza kimejaa maneno ambayo herufi zake hazilingani na sauti, kwa hiyo mwenye disleksia hukosea sana na hugundulika mapema. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Katika lugha za namna hiyo, kama Kiitaliano na Kifini, mwenye disleksia mara nyingi husoma kwa usahihi wa kuridhisha lakini polepole mno, silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Anayehesabu makosa tu atasema hana tatizo. Mpe "hawakutuandikia" au "hakuchanjwa" na saa mkononi, utaona tofauti ambayo hesabu ya makosa haikuonyesha.

Kutenganisha kuchuja na kutathmini hakuna urasimu ndani yake, maana karatasi ya tathmini ina nguvu. Huko Uingereza mwanafunzi hupata nyongeza ya muda katika mtihani, kwa kawaida robo ya muda, kwa ushahidi unaotokana na mtathmini mwenye sifa. Na walimu bingwa wanaoandika ripoti za disleksia wana cheti cha kutathmini ambacho sharti kihuishwe kila baada ya muda. Ripoti isiyo sahihi humnyima mtu haki hiyo, au humbandika jina ambalo atatembea nalo miaka mingi. Kwa hiyo mtu mwema aliyejitolea anaposema, "Mama, mwanao ana disleksia," amevuka mpaka, hata kama baadaye itathibitika kuwa alikuwa sahihi. Alichokuwa na haki ya kusema ni, "Mama, nimemsikiliza akisoma mara kadhaa, anakwama kwenye mchwa, mbwa na ng'ombe, na anachoka upesi kuliko wenzake. Ningeomba aangaliwe." Sentensi hiyo ni msaada mkubwa kuliko jina la ugonjwa. Mtathmini atakayempokea mtoto ana mahali pa kuanzia.

Niwageukie na wataalamu, maana wao nao wana mchezo wao. Ripoti ya kurasa 20, alama, majedwali, mapendekezo, kwaheri. Mtoto anarudi darasani kulekule, na ripoti inalala kabatini. Tathmini haimfundishi mtu kusoma. Kinachomfundisha ni mafunzo ya wazi na yenye mpangilio, kutoka sauti hadi herufi, herufi hadi silabi, silabi hadi neno, kila hatua ikirudiwa hadi ikae. Ndiyo njia iliyojengwa Marekani kuanzia miaka ya 1920 na 1930 na watu wawili wa fani tofauti: Samuel Orton, daktari wa mfumo wa neva, na Anna Gillingham, mwanasaikolojia aliyejishughulisha na ufundishaji. Kila mmoja alileta ujuzi wa fani yake. Mwalimu aliyefunzwa njia za namna hiyo ni mtaalamu kamili, hata kama hana ruhusa ya kuandika ripoti. Mtaalamu wa usemi na lugha ana sehemu yake pia, hasa kwa watoto waliochelewa kusema.

Na mafunzo hayo hayatoshi bila marudio. Mwenye disleksia anahitaji kulisoma neno mara nyingi zaidi ya wenzake kabla halijawa lake, na hakuna mwanasaikolojia mwenye muda wa kukaa kitako akisikiliza "ba-ta, ba-ta-ta" mara arobaini. Mtu wa kujitolea anao. Hiyo ni kazi yenye masharti yake, na ndiyo sababu nasikia vibaya ikiitwa ya wasiosomea. Lazima afundishwe kusubiri mtoto amalize neno badala ya kumrushia jibu. Afuate sauti na mpangilio uleule anaoutumia mwalimu, asije na mbinu zake alizoziona mahali. Asimwambie "angalia picha ukisie", kwani kukisia ndiko mtoto huyu anakokimbilia tayari. Asimsomeshe kwa sauti mbele ya watu bila ridhaa yake. Na aandike alichokiona, siyo alichokihukumu: "amesoma sentensi tatu, ameomba kupumzika, ameruka viambishi vya mwisho".

Mpaka huo unaonekana vizuri zaidi kwenye chumba cha mtihani. Msomaji anayemsaidia mtahiniwa mwenye disleksia husoma swali kama lilivyoandikwa, analirudia akiombwa, basi. Halifafanui, hapandishi sauti kwenye jibu sahihi, na katika karatasi inayopima kusoma kwenyewe haruhusiwi kuisoma. Anayemwandikia mtahiniwa majibu naye huandika alichotajiwa, na kosa la mtahiniwa linabaki kosa la mtahiniwa. Wengi wanaofanya kazi hii hawana shahada ya saikolojia na hawaihitaji. Wanahitaji nidhamu ya kutofanya zaidi ya walichoombwa, na hiyo nayo hufundishwa.

Wanaodharau kujitolea wasisahau pia vyama vya disleksia vilitoka wapi. Chama cha Disleksia cha Uingereza kiliundwa mwaka 1972 kwa kuunganisha vyama vidogo vya mitaa, na wazazi walikuwa mstari wa mbele. Wakati huo wataalamu wengi walikuwa bado wanabishana kama hali hii ipo au ni jina la heshima la uvivu. Wazazi hao hawakuwa wakitathmini mtoto. Walikuwa wakidai atathminiwe, wakitafuta mwalimu, wakimsomea kitabu cha historia jioni ili asibaki nyuma kwa maarifa eti kwa sababu amebaki nyuma kwa herufi. Watu wazima wenye disleksia wenyewe ni wengi katika kundi hili leo, na wanajua jambo moja ambalo ripoti hailisemi: fomu gani inaogopesha, na namna ya kuomba msaada bila kujieleza maisha yako yote.

Basi anayeandaa shughuli na kutaka kuandika "wataalamu wetu wa kujitolea watawapima watoto wote disleksia bure", namwomba abadilishe kidogo. Aandike: "watu wa kujitolea waliofunzwa watawasikiliza watoto wakisoma, na watakaoonekana kukwama tutawaelekeza kwa mtathmini." Na kama huyo mtathmini atakuwepo siku hiyo bila malipo, aandike hivyohivyo, kazi yake kwanza, kisha kwamba anajitolea. Tangazo litakuwa refu zaidi, najua, na halitavutia sana.