Mtandao wa chuo mzito? Anza kuangalia ndani ya uzio

Kila kikao cha bajeti chuoni hakikosi mtu wa kusema intaneti ni nzito, tuongeze megabiti. Naelewa kwa nini wazo hilo huwa la kwanza, maana kwa miaka mingi lilikuwa sahihi. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, vyuo vyetu vingi viliishi kwa dishi la setilaiti. Ishara ilipanda kilomita zipatazo 36,000 na kushuka tena, swali na jibu vikachukua zaidi ya nusu sekunde, na megabiti moja ilikuwa anasa. Mtandao wa ndani ungeweza kuwa vurugu tupu na asijue mtu, kwa sababu kila kitu kilikwama getini.

Hali imebadilika. Mkongo mwingine wa baharini, EASSy, ulifuata mwaka 2010, mkongo wa taifa ukafika mikoani, na mitandao ya vyuo kama KENET ya Kenya, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania inawaunganisha wanachama wake na intaneti kwa pamoja. Chuo kikiwa na gigabiti nzima getini huku mwanafunzi wa maktaba bado anasubiri ukurasa ufunguke, tatizo haliko baharini. Liko kati ya geti na maktaba, na huko ndiko kwenye kazi yangu ya kusanifu na kukarabati mitandao ya vyuo.

Ninachokikuta mara nyingi ni mnyororo. Jengo la utawala lilipata mtandao kwanza. Kitivo cha jirani kikavuta kebo kutoka utawala, maabara ikavuta kutoka kitivoni, hosteli ikavuta kutoka maabara. Ni sawa na bomba moja la maji linalopita nyumba hadi nyumba: wa mwisho anapata matone, na wa katikati akifunga koki, wote walio mbele yake wanakauka. Umeme ukikatika maabara, hosteli inapotea hewani hata kama yenyewe ina jenereta.

Ubaya wa pili hauonekani kwa macho, nao ndio unaonisumbua zaidi. Mnyororo huo kwa kawaida ni mtandao mmoja mpana usiogawanywa. Kompyuta ya mhasibu, simu ya mwanafunzi na kamera ya getini vyote viko chumba kimoja, na kila kimoja kikiuliza “nani mwenye anwani hii?” swali linafika kwa wote. Vifaa mia mbili si neno. Vikiwa maelfu, kelele peke yake inakula Wi-Fi.

Kisha siku moja mtu anapanga upya ofisi yake, anaona ncha ya kebo inaning'inia, anaichomeka kwenye swichi ndogo iliyo mezani (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao), bila kujua kwamba ncha nyingine imeshachomekwa kwenye swichi ileile. Hapo kimezaliwa kitanzi. Pakiti ya IP, yaani kipande cha data chenye anwani ya kinakokwenda, hubeba hesabu ya kuishi, haizidi 255, na kila ruta (kifaa kinachopitisha data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine) inayopitia inapunguza moja. Ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Etheneti, bahasha inayobeba pakiti hiyo ndani ya mtandao mmoja, haina hesabu hiyo. Ikiingia kwenye kitanzi inazunguka bila kikomo, na zile zinazotumwa kwa wote zinanakiliwa kila zinapopita swichi. Ukifika kwenye kabati la vifaa wakati huo, utaona taa za poti zote, yaani matundu ya kebo, zinapepesa kwa pamoja, kasi ileile, hakuna hata moja inayopumzika. Chuo kizima kimesimama kwa ajili ya kebo ya mita moja.

Dawa ya vitanzi ipo tangu Radia Perlman alipobuni itifaki ya Spanning Tree mwaka 1985. Swichi zinazungumza, zinachagua mojawapo kuwa mzizi, kisha zinafunga njia za ziada. Itumie, lakini usiiegemee peke yake. Vipimo vyake vya kawaida vya muda vilipangwa kwa mtandao wenye swichi zisizozidi saba kutoka ncha hadi ncha, na minyororo ya vyuo hupita hapo kirahisi. Halafu kuna suala la mzizi: swichi hutoka kiwandani zikiwa na kipaumbele kilekile, 32768, hivyo usipochagua wewe, inashinda yenye anwani ya MAC (namba ambayo kila kifaa hupewa kiwandani) ndogo kuliko zote, na mara nyingi hiyo ni kongwe kuliko wenzake. Niliwahi kufuatilia mzizi wa chuo kizima ukanipeleka stoo, kwenye swichi ya poti 24 iliyolala juu ya kabati la mafaili, vumbi limeziba feni. Swichi za bei mbaya zilizokuwa chumba cha seva zilikuwa zinaisikiliza ile.

Msimamo wangu, ambao pia ndio wanaofundisha wakufunzi wa NSRC, kituo cha Chuo Kikuu cha Oregon kinachosaidia mitandao ya vyuo, katika warsha zao hapa Afrika, ni huu: uelekezaji wa njia za IP ufanywe kwenye kiini, yaani ruta kuu ya katikati ya chuo, swichi zibaki pembezoni. Kila jengo lipate faiba yake (nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga) mpaka kwenye kiini, bila kupitia jengo jingine. Kila jengo liwe na mitandao yake midogo ya anwani, na mpaka wa mitandao hiyo uwe ni ruta ya kiini. Kitanzi kikitokea kitivo cha sheria, kitivo cha sheria ndicho kitakachoumia. Kwingine watu wataendelea na kazi, na fundi atajua aende jengo gani.

Kwenye faiba ndipo ninapogombana na wanaoandaa zabuni. Gharama kubwa ni kuchimba mtaro, kulaza bomba na kujenga chemba. Nyuzi zenyewe ni sehemu ndogo. Jengo linahitaji nyuzi mbili leo, wewe laza 24. Na ziwe za singomodi, aina inayofika mbali, si maltimodi ya masafa mafupi. Maltimodi ya kizamani ya OM1, ambayo bado imezikwa kwenye vyuo vingi, ikibebeshwa gigabiti 10 kwa vifaa vya kawaida inafika mita 33 tu. OM3 inafika 300. Singomodi inafika kilomita 10, na kasi ikiongezeka miaka ijayo hutafukua kitu, utabadilisha vifaa vya nchani. Kebo ya shaba ibaki ndani ya jengo, isizidi mita 100. Isivuke uwanja kwenda jengo jingine hata kama umbali unaruhusu, kwa sababu radi ikipiga karibu, shaba inaingiza umeme kwenye swichi za pande zote mbili. Ukanda wa Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi, mafundi hawahitaji kuelezwa hili mara mbili. Kioo hakipitishi umeme.

Anwani zipange kabla hujagusa kifaa. Ndani ya fungu la anwani za ndani la 10.0.0.0 nafasi ni tele, kwa hiyo kila jengo lipe fungu lake zima, mfano lenye anwani 4,096, kisha ligawe: ofisi peke yake, maabara peke yake, Wi-Fi, kamera, vifaa vya usimamizi. Kwenye swichi za pembezoni washa kinga inayokubali majibu ya DHCP (huduma inayogawia vifaa anwani zenyewe) kutoka poti inayoelekea kwenye kiini tu. Bila kinga hiyo, mhadhiri mmoja akichomeka ruta ndogo aliyonunua dukani, nayo inaanza kugawa anwani zake za 192.168 zisizo za chuo, na nusu ya korido inapoteza mtandao huku kompyuta zikionyesha zimeunganishwa vizuri.

Faiawoli isiwe kiini. Kazi yake ni kukagua kinachoingia na kutoka chuoni. Usipitishe humo mazungumzo ya maabara na seva iliyo chumba cha pili.

Wi-Fi inahitaji makala yake. Kwa sasa niseme tu kwamba kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu zisizoingiliana, namba 1, 6 na 11, hivyo kuongeza antena kwenye ukumbi wa watu 300 bila kupunguza nguvu zake ni kuongeza makelele. Wasukume watu kwenye 5 GHz. Na jiungeni na eduroam, ili mwanafunzi wenu akienda chuo kingine chenye huduma hiyo afungue laptopu na kuendelea na kazi kwa akaunti yake ya nyumbani.

Kuhama kutoka mtandao wa zamani kwenda mpya nakufanya likizo ya muhula, jengo moja kwa usiku mmoja, huku saa ya kurudi nyuma imeshapangwa: ikifika saa nane usiku mambo hayajakaa sawa, kebo za zamani zinarudishwa, tunalala. Kompyuta na simu hazina shida, zinachukua anwani mpya zenyewe. Vinavyokwama ni vifaa vilivyopangwa anwani kwa mkono na mtu aliyeshahama: printa, kamera, mashine za alama za vidole. Wiki moja kabla, chukua jedwali la ARP la ruta ya zamani, linaloonyesha kila anwani ya IP iko kwenye MAC gani, ulilinganishe na orodha ya DHCP. Anwani iliyopo kwenye jedwali na haimo kwenye orodha ina kifaa cha namna hiyo nyuma yake. Soma MAC yake, fuata poti kwa poti mpaka ukifikie, kibandike lebo, na uandike ni nani anayekitumia.