Waya wa buluu si nyutro kila mara
Kwa muda mrefu watu wengi wameamini kwamba waya wa buluu, au mweusi katika baadhi ya nyumba za zamani, daima ni nyutro, yaani waya unaorudisha umeme kwenye chanzo baada ya kupita kwenye taa, na kwamba hauna hatari. Katika sakiti za taa imani hiyo ina kasoro. Pale ambapo kebo ya nyaya mbili inashuka kutoka darini hadi kwenye swichi, waya mmoja hupeleka umeme na wa pili huurudisha kwenye taa. Huo wa pili, hata ukiwa wa buluu, huwa na umeme swichi inapowashwa. Fundi makini huuvisha utepe wa kahawia kuonyesha kuwa hubeba umeme, ingawa wengi husahau. Anayeuunganisha na nyutro kwa kufuata rangi tu husababisha shoti mara anapowasha taa.

Kuzima swichi ya ukutani pia hakutoshi, kwa kuwa waya mmoja hubaki na umeme. Zima sakiti kwenye boksi la fyuzi, kisha pima kwa kipimo cha umeme ulichokijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, na baadaye hakikisha tena hapo kwamba kipimo hicho kinafanya kazi. Kila waya uwekewe alama kabla ya kufunguliwa.