Kwa nini muuguzi humpita majeruhi anayelia na kumwendea aliyenyamaza?

Jengo linapoporomoka au basi linapopinduka, majeruhi anayepiga mayowe mlangoni mwa hospitali humjulisha muuguzi mambo mawili bila kukusudia: kwamba njia yake ya hewa iko wazi, na kwamba ubongo wake ungali unapata damu ya kutosha kumwezesha kulalamika. Aliyelazwa kando yake, ngozi ikiwa baridi na yenye jasho, asiyeomba hata maji, huenda anavuja damu tumboni na amebakiwa na dakika chache. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa wakiwazia idara ya dharura, lakini wauguzi hufanya kazi kana kwamba msemo huo ulitungwa kwa ajili yao, hata kama jamaa za yule anayelia watawaona hawana huruma.

Kazi hiyo huitwa triaji, yaani kuwapanga majeruhi kwa uzito wa hali zao badala ya zamu ya kufika au cheo. Mojawapo ya mbinu zinazojulikana sana ilibuniwa California mwaka wa 1983, na urahisi wake unashangaza. Muuguzi huanza kwa kuita kwa sauti kwamba kila anayeweza kutembea asogee upande fulani. Wanaosogea hupewa kadi ya kijani. Waliobaki hukaguliwa mmoja mmoja kwa muda usiozidi dakika moja. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ambaye mpigo wa mshipa wa kifundo cha mkono hausikiki, au asiyeweza kutii agizo jepesi kama kukunja ngumi, hupewa kadi nyekundu, ya wanaotibiwa kwanza. Wasio na dalili hizo hupewa ya njano, ya wanaoweza kusubiri kidogo. Asiyepumua hata baada ya njia yake ya hewa kufunguliwa hupewa nyeusi na kuachwa, na hapo ndipo kazi inapouma, kwa sababu siku ya kawaida timu nzima ingemzunguka mtu huyo huyo ikijaribu kumrejeshea uhai.

Nairobi inayo sababu ya kulielewa jambo hili. Tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya bomu kulipuka katika ubalozi wa Marekani karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, ulisikika mshindo mdogo uliowavuta wafanyakazi wa majengo ya jirani madirishani. Mlipuko mkubwa ulipofuata, vioo viliwapasukia usoni. Watu 213 walifariki Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa na majeraha ya uso na macho, na kwa kuwa ambulensi hazikutosha, walibebwa kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na kwingineko.

Gari la msamaria halichagui majeruhi. Humbeba aliye karibu na anayeweza kupanda, kwa hiyo wimbi la kwanza linalofika hospitalini mara nyingi ni la wenye majeraha mepesi, ilhali walio mahututi bado wako chini ya zege. Muuguzi akiwalaza wa kwanza katika kila kitanda, wa pili watafika na kukuta nafasi zimekwisha. Jengo la ghorofa lilipoanguka Huruma tarehe 29 Aprili 2016, watu waliendelea kutolewa wakiwa hai kwa siku kadhaa, akiwemo mtoto mchanga. Majeruhi wa namna hiyo huhitaji uangalifu wa pekee: misuli iliyobanwa kwa saa nyingi hujaa potasiamu na sumu nyingine, na kifusi kinapoinuliwa ghafla, vitu hivyo hukimbilia kwenye damu, vikaweza kuusimamisha moyo au kuziharibu figo. Inapowezekana, dripu ya maji ya chumvi huanzishwa kabla zege halijaondolewa.

Hayo yote hayabuniwi siku ya maafa. Orodha ya simu za wauguzi walio mapumzikoni huwa imeandaliwa mapema, mitungi ya oksijeni imehesabiwa, na muuguzi msimamizi wa wodi anajua ni wagonjwa gani wanaoweza kuruhusiwa kwenda nyumbani au kuhamishwa ili vitanda vipatikane. Hata kadi zina kanuni yake, nayo ni kwamba hufungwa mkononi au mguuni, kamwe si kwenye shati, kwa maana shati litakatwa kwa makasi na kutupwa pamoja na maelezo ya mwenyewe.

Kadi, hata hivyo, si hukumu ya mwisho. Wengu (bandama) lililopasuka laweza kuvuja polepole, na mtu aliyeingia kwa miguu yake akazirai saa moja baadaye. Kwa hiyo, sehemu ya wenye kadi za kijani, yenye makelele kuliko zote, haiachwi bila muuguzi hata watumishi wawe wachache kiasi gani. Yeye huzunguka akiwapima upya, na katikati ya vilio hivyo hutega sikio kwa yule aliyekuwa akilia akaacha.